Mbwa Asiyenguruma

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko kwenye ghorofa lako lisiloruhusu mbwa. Sisi hatujambo, isipokuwa mkono wa Mama, wenye nyuzi saba, ambao unaendelea kupona. Cherehani zangu zote nne zinazunguka.

Ulipomleta Prinsi ulisema ni wiki mbili. Leo ni siku ya tisini na nne. Sikulalamika, nimeshazoea: wewe unapanda ngazi, mimi ndiye ninayeishika isiteleze. Lakini kumleta mbwa anayelalia mto kwa Bobini wangu, niliyemwokota jalalani nikamlea juu ya vipande vya vitambaa! Walishikana kabla wewe hujafika kituoni. Tangu siku hiyo nimeandika kila ugomvi kwenye daftari langu la vipimo. Ni ishirini na tatu.

Watu wa mtaa huu hata kukunja pindo hawajui, ila mbwa wanawajua wote. Jirani yetu, yule mwanajeshi mstaafu, alisema niwaache wapigane mpaka ajulikane bosi ni nani. Huyo ambaye kwake bosi ni mkewe, kisha paka, ndipo yeye. Shangazi alidai ni wivu, eti niwabembeleze kwa zamu. Nawe ukaniambia kwa simu kwamba Prinsi ni mpole, mhuni ni Bobini kwa kuwa hakulelewa. Hilo nililitia kibindoni.

Mama alipoumwa mkono na mmoja wa mbwa hawa nilimwita daktari wa mifugo. Akaja msichana mwembamba mwenye buti za mpira, nikajisemea, haya, mwingine huyu. Hakuuliza nani alianza. Aliuliza wapi. Nikafungua daftari: kati ya ugomvi ishirini na tatu, kumi na tisa ulitokea kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Akaomba futi yangu, akapima pale mlangoni, kati ya ukuta na meza ya kukatia: sentimita sitini na nane. Akasema hawagombei ubosi wowote, wanagombea kupita. Kila mmoja anataka kunifikia, njia ni moja, hakuna anayeweza kurudi nyuma. Mimi ninayepima viuno vya watu kila siku sikuwahi kupima mlango wangu.

Kisha akauliza kama Bobini hunguruma kwanza. Nilijibu kwa majivuno kwamba alishaacha. Zamani alikuwa akinguruma na kuwashtua wateja waliokuja kujaribu nguo, nami kila mara nilimchapa puani kwa rula ya mbao. Siku kumi na mbili tu, kimya. Msichana akaweka kalamu chini. Akasema, “Dada, kunguruma ndiko kuomba njia kwake. Ulimchapa kwa kuomba, sasa haombi tena. Anauma.”

Sasa keti. Aliyemuuma Mama ni Bobini. Mama alikuwa ameinama mlangoni akiokota pini, hao wawili wamembana huku na huku, hakuona ni meno ya nani. Mimi niliona. Nikakupigia nikasema ni Prinsi, nikampangia sindano ya kumuua, Ijumaa saa kumi. Ulilia ukasema kama ni lazima, basi. Nikakudharau kwa machozi hayo. Nilijiambia umepewa mengi maishani, hili moja likuume wewe.

Ijumaa nimeifuta. Meza nimeisogeza, na kila mbwa ana njia yake ya kupita. Bobini nitamfundisha upya, daktari anasema itachukua miezi. Wewe njoo Jumapili umchukue Prinsi, na utafute nyumba ya kupanga ya mtu mzima, si hiyo unayoishi kama mgeni wa mwenye nyumba.

Mama nimemwambia jana baada ya chai. Nilijiandaa kutukanwa. Alirekebisha bandeji yake, akatoka kukaa uani na Prinsi, na mpaka naandika hajanisemesha hata neno. Angenigombeza ningepumzika.

Nisalimie wote wanaoniulizia huko, kama wapo. Ukifika mwone Mama kwanza. Mimi utanikuta kwenye cherehani, na ukitaka kunifokea, tafadhali fokea kwa sauti.

Ni mimi dada yako,
Fundi