Oili Iliyokataa Kukaa

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na mguu wake uliokuwa ukivimba umetulia. Sisi huku tupo. Mama anaendelea na nyonga yake ileile, hawezi kuinama hata kuokota kijiko, na akikaa kwenye kigoda lazima nimnyanyue. Mimi gereji inaniweka mjini, kucha nyeusi kama kawaida, na bado kuna wateja wanaoingia wakaniuliza fundi yuko wapi.

Nimepata ujumbe wako. Umesema kama Baba hakutaki hata akiwa kaburini, basi niliuze lori lake alilokuachia, na kazi ya kubeba saruji kushuka mlima wampe mtu mwingine. Nimeusoma nikaumia. Sikukujibu kwa simu kwa sababu haya si mambo ya simu. Ungenikatia katikati ukasema nimechanganyikiwa. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Unakumbuka uliniambia nilitayarishe lori, na kwanza kabisa nibadilishe oili. Nilikwenda kwa yule mama muuza oili wa pale kona, nikasoma kibati kilichopigwa ubavuni mwa injini, nikachagua ile inayotakiwa: kumi na tano kwa arobaini, ya dizeli ya kazi nzito, nyepesi asubuhi injini ikiwa baridi na haipotezi nguvu ikichemka mlimani. Nikamwaga ya zamani, nikafunga nati ya chini inayozuia oili kwa spana na bomba juu yake, unajua ninavyokaza. Nilipotia mpya na kuwasha, injini iligonga. Kidogo tu, ko, ko, ko, huko chini. Nikazima, nikaenda kula.

Niliporudi oili yote ilikuwa chini, bado safi, imetanda hadi mlangoni. Geti lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nati ilikuwa imewekwa pembeni juu ya kitambaa kilichokunjwa, imefutwa, na pete yake ya shaba imelazwa juu yake. Kaka, nani mwingine aliyekuwa akiweka nati hivyo? Sisi wengine tunaitupa kwenye sahani ya misumari. Nilisimama pale mchana kweupe, jua la saa saba kichwani, nikiitazama.

Nikajiambia Baba anataka oili yake. Miaka ile ya mwisho alikuwa akitia namba hamsini, nzito, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba anaipikia injini uji. Basi nikarudi kwa muuza oili nikaitaka. Aliniangalia sana. Akaniambia, "Mzee akikohoa, ukimpa uji mzito atanyamaza. Lakini hajapona." Nilicheka, nikadhani ananitania. Fundi mzima, nikashindwa kusikia nilichoambiwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba tatizo ni matakwa ya marehemu.

Nikaitia. Lori likaunguruma kwa utulivu, halikugonga hata mara moja, na ndipo nikakupigia kwa furaha kwamba Baba ameridhika, njoo ulichukue. Kesho yake baada ya chakula cha mchana nikakuta namba hamsini imemwagika yote, nati iko juu ya kitambaa. Nikakupigia tena nikilia, nawe ukanitumia ujumbe ule. Nisamehe kwa hilo. Nilikutia huzuni ambayo haikuwa yako.

Sikuridhika. Nilitia oili tena, nikaaga kwamba nakwenda kula, kisha nikazunguka nikaingia kupitia mlango wa jikoni ya nyumbani unaotokea gerejini na kujibanza nyuma ya rundo la matairi. Mafundi wote walikuwa wametoka. Palikuwa kimya hata nikasikia bati likilia kwa joto. Halafu mlango wa chumba cha Mama ukafunguka.

Alitoka peku, kanga kiunoni, macho wazi lakini hayatazami kitu. Alitembea wima. Hakuchechemea. Alifika ukutani zilipo spana, akachukua ya saizi ile ile bila kutafuta, kwa mkono wa kushoto, kama Baba. Mama yetu, ambaye maisha yake yote hajui spana ni nini, na ambaye hata ugali anausonga kwa mkono wa kulia. Akajilaza chali, akajisogeza chini ya lori kama anaingia kitandani kwake. Ile nati niliyoikaza kwa bomba aliifungua kwa kuisukuma spana kwa kiganja tu.

Alipomaliza aliongea, na nitakuambia alichosema. Kisha alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akarudi chumbani. Nilipomfuata nikamkuta ameketi kwenye kigoda, akaniomba nimnyanyue kwa sababu nyonga inamuua, akauliza mbona nimepauka hivyo.

Siku hiyohiyo niliifungua injini kwa chini. Beringi zinazoshika krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zimelika mpaka shaba inaonekana, na moja imeanza kujizungusha mahali pake. Ile oili nzito ilikuwa inazima sauti tu. Ungeshuka nalo mlimani na mzigo ule, injini ingekamata na kuzima katikati ya kona, na breki za upepo, zinazojazwa na injini hiyohiyo, zisingekungoja. Nimetia beringi mpya, krenki nimeipeleka ikachongwa, nikatia ile kumi na tano kwa arobaini. Imekaa. Haijamwagika hata tone, na Mama hajatoka tena mchana.

Sasa maneno yale. Alikuwa bado amelala chini ya lori, naona miguu yake tu, na ilikuwa sauti ya Mama, lakini si maneno yake. Alisema, "Mfungulie chini kwanza. Jogoo atashuka mlima na mzigo." Kaka, Jogoo. Jina hilo alilokuwa akikuita, Baba hakulitaja tena tangu siku ulipomwambia amezeeka, aache usukani, mkagombana, na hamkupatana mpaka anakufa. Nilidhani amemaliza. Oili ikaisha kudondoka, kisha akasema, "Mwambie sikuwa na hasira. Alisema kweli. Niliona aibu tu."

Sijui utafanya nini na haya. Mimi nimelia hadi nimechoka. Lakini lori ni lako, na hakuna anayekukatalia. Njoo ulichukue.

Msalimie wifi, mwambie aweke mguu juu. Mama anakusalimu sana, na safari hii ni yeye mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi