Wamekuja Kuchukua Baiskeli

Jumapili jioni, Ngana

Wamezichukua zote. Mnunuzi wa kakao aliyetudhamini tangu timu ilipoanza anasema biashara imeharibika. Leo baada ya ibada alimtuma mtu na pikapu kukusanya baiskeli za mashindano na jezi zenye jina lake.

Yangu nilimkabidhi. Kilichoniuma ni nyumbani kwa Lusekelo, mwenzetu aliyegongwa na lori tukiwa mazoezini, ambaye hadi leo hatembei. Yule mtu alitaka na jezi yake.

Mama Lusekelo akaingia ndani, akatoka na vitambaa vilivyofuliwa na kukunjwa vizuri. “Hospitali waliikata kwa mkasi, baba. Siku zile mlisema huyu ni mtoto wenu.”

Hakuvipokea. Alisema, “Pole, mama,” akaondoka na gari lake.

Nikaingia kumsalimia Lusekelo. Hajaambiwa kwamba timu imevunjwa. Alinishika mkono akasema, “Kapteni, mashindano ya Mbeya usisahau kuniandikisha. Mguu unapata nguvu.”

Nilimwambia nitamwandikisha. Akajibu, “Ndaga fijo,” asante sana, akafumba macho akitabasamu.

Kesho itabidi nirudi nimweleze. Mama yake ameniomba niwe mimi.