Nyasi Juu ya Bati la Benki

Biharamulo,
22 Aprili 1979

Kaka Pancras,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko vitani Uganda. Sisi tunaamka na tunakula kinachopatikana. Mama anakusalimu, miguu yake bado inavimba. Barua yako ilifika imelowa, lakini swali lako lilisomeka: je, Baba amekusamehe? Nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali, maana mkono wangu ni mzito kuandika haya.

Ulipoondoka kwenda Geita, benki yetu ilikuwa bado chumba kimoja katika duka aliloliacha yule Mhindi. Jengo jipya tulilijenga sisi wanavijiji. Tulifyatua matofali, na Baba alichota maji ya kukandia udongo bila kununa. Lilipoezekwa bati, alilicheka. Alisema mvua ikinyesha, nyumba ya bati hupiga kelele hata watu wa ndani hawasikilizani. Lakini lilikuwa likionekana likimetameta kutoka mbali kwenye barabara ya Lusahunga, nasi tukaringa nalo.

Kumetameta huko ndiko kulikotuponza. Zilipofika habari kwamba ndege za nduli zimeangusha mabomu Mwanza, mji mzima uliingiwa na hofu. Meneja wa benki, mtu mpole tu, mgeni wa huku, akasema rubani akipita atalilenga bati lile kwanza. Ikaamuliwa lifunikwe nyasi. Na fundi wa kuezeka nyasi, kaka, ni nani hapa kama si baba yetu?

Wewe unajua. Tangu siku ile ya mwaka sabini na nne ulipokuja na wanamgambo wenzako, mkaichoma nyumba yetu ya zamani ili tuhamie kijijini, Baba hakuezeka tena hata banda la kuku. Wala hakukutaja jina. Katibu Kata alipomfuata, Baba alimtazama sana, kisha akamwambia, "Nyasi zangu mlizichoma. Leo mnazitakia nini?"

Katibu akaenda zake. Kesho yake Baba akanoa mundu, akaenda kukata nyasi. Hakusema kwa nini. Mama anasema alifanya hivyo kwa ajili yako uliye vitani. Mimi sijui, na kukudanganya siwezi.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Miguu ya Baba ilizoea kukanyaga fito, haikujua bati lililolowa. Aliteleza akaanguka kwenye saruji ya baraza. Tulimpeleka hospitali, akalala hawezi kusema. Huko nje watu wakashangilia kutekwa kwa Kampala. Ndege haikuja. Nyasi zikashushwa, zikatandazwa kwenye migomba ya meneja.

Kaka, Baba amefariki. Tulimzika Jumatano baada ya Pasaka, hapa hapa kijijini, kwa sababu kwetu kwa zamani pamekuwa pori. Nimelia mpaka nimechoka, na sioni kinachokuja baada ya hapa.

Barua yako ilimkuta angali hai. Nilimsomea swali lako sikioni. Alifumbua macho, akanitazama, akayafumba. Nimeyafikiria sana macho yale, na sikupata neno ndani yake. Basi usiniulize tena, kaka. Mwenye jibu tumemzika.

Majirani wote wanakupa pole. Jitunze urudi, Mama amebakiwa na sisi wawili tu.

Ni mimi mdogo wako katika msiba,
Deodata