Medali Iliyosuguliwa kwa Majivu

Dada Zuhura, shikamoo kutoka kwenye baridi ya Marangu.

Mvua haijakatika tangu nifike. Unaikumbuka picha ya medali ya Kaisari wa Roma niliyokuonyesha kwenye simu? Ndiyo niliyokuja kuikagua. Marehemu mume wa mwenye nayo, Bibi Ndeshi, alipewa na tajiri wake wa shamba la kahawa, asante ya miaka thelathini, eti dhahabu tupu.

Bibi alinipa mtori wa moto, supu yao ya ndizi, kisha akaifungua kutoka kwenye kanga huku analia. Asubuhi aliisugua kwa majivu ili mgeni asione uchafu, na dhahabu ikatoka. Pua ya Kaisari ilikuwa shaba nyekundu.

“Nimeiharibu, baba. Nisamehe.”

Nikamwambia hajaharibu kitu. Dhahabu ya kweli haitoki kwa majivu. Hii ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu tangu siku mumewe alipopewa. Nilidhani namfariji. Akalitazama kaburi la mumewe pale migombani.

“Afadhali ningekuwa nimeiharibu mimi.”

Mtori sikuumaliza. Nimewakumbuka sana, wabusu watoto. Na ile pete ya marehemu baba uliyotaka niipime, dada, iache tu kidoleni.

Mdogo wako,
Idi