Mkate Tulioukataa Chini ya Nyamulagira

Mpendwa Papa,

Jana wazungu wamepanda kilima chetu cha Kibabi wakiwa na fimbo, kamba na mkate. Nakuandikia kabla hasira haijanipoa, na nataka watu wote wa kilima wasomewe barua hii, kwa sababu katika nyumba yetu ni wewe peke yako uliyewahi kuuogopa mkate, nasi tulikucheka.

Unaikumbuka siku ya Parke. Bwana mlinzi wa Parke, mzungu wa ile hifadhi ya wanyama, alikuja akawaalika wenye mashamba, kila mmoja na mkewe na mtoto, wapande kamyo yake wakaone volkano na kurudi siku hiyohiyo. Mama alianza kufua palepale. Mimi nililijaribu gauni langu la Pasaka mpaka mshono ukaachia. Wewe ulikaa mlangoni unasugua kidevu.

"Bure?" ulisema. "Muzungu anatubeba bure, anatuonyesha mulima bure, anaturudisha bure? Apana. Iko na kitu."

"Kitu gani?" Mama akakujibu. "Weye hata mvua ikinyesha unauliza nani ameituma."

Wasomewao barua hii wengine ni watoto, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtu hakupi shamba kwa mdomo tu. Mnatembea naye mpakani, anakuonyesha kwa fimbo: mti ule, kijito kile, jiwe lile. Mkifika mwisho mnaketi, mnakula kutoka kikapu kimoja na kunywa kasiksi ya ndizi. Ukishameza umeikubali mipaka yote uliyoonyeshwa, huna tena la kusema. Hivyo ndivyo babu alivyokipata kilima chetu. Hivyo ndivyo wewe ulivyompa jirani yetu Papa Rukara nyasi za juu alishie ng'ombe wake.

Naye Papa Rukara alikuwa ndani ya kamyo, kofia kichwani, kibuyu cha maziwa mapajani. Toka Kibabi mpaka Sake hamkusemeshana. Mlikuwa majirani wazuri, lakini siku ile wewe uliwaza kwamba ameitwa apewe kilima chote, naye, tulivyokuja kujua, aliwaza hivyohivyo juu yako.

Tulipita Mubambiro, barabara ikaingia katika mawe meusi ya volkano, meusi kama sufuria iliyounguza maharage. Tukashuka, tukapanda kwa miguu. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Miti ilikuwa na ndevu za kijivu, na kulikuwa na maua marefu kumpita Mama, ambaye aliyagusa na kucheka peke yake. Bwana alitangulia na fimbo. "Limite ya Parke, mpaka wake, inapita hapa," alisema. Akapiga hatua, akanyoosha tena fimbo. "Na hapa."

Nilikuona ukikaza uso.

Halafu ukungu ukafunguka. Nyamulagira, volkano yenyewe, alikuwa pale, mkubwa, anafuka moshi. Chini yetu ziwa, na ng'ambo ya Sake vilima vya Masisi, vya kwetu, kijani kibichi, hata nikadhani naona moshi wa jiko letu. Watu wote walisema "Ee Mungu wangu!" kwa pamoja. Wewe ulikuwa unaangalia fimbo. Ilifuata ukingo wa mlima, ikashuka Sake, ikapanda, ikasimama juu ya vilima vyetu.

"Na kule pia ni kuzuri sana," Bwana akasema.

Akaketi juu ya jiwe, akafungua kikapu. Mkate, sardini za mkebe, sukari. Papa, harufu ya mkate ule mimi ninayo puani mpaka leo.

"Musikule," ulisema kwa sauti ya chini.

"Papa Furaha, mutoto iko na njaa," Mama akasema, akikuita kwa jina langu kama kawaida.

"Atakula ku nyumba. Haukuona fimbo imepita ku mashamba yetu? Tukikula hapa, njo tumekubali."

Mama alikukazia macho ya hasira. Wengine walikula, wakajilamba vidole. Bwana alimuuliza shofere kama tunaumwa tumbo. Nami, kwa kuwa sikuwa na la kutafuna, niliwaangalia ninyi watu wazima. Hukuwa ukimwangalia Bwana. Ulikuwa ukiangalia mdomo wa Papa Rukara, naye aliangalia wako. Nyuma yenu mlima unafuka moshi, na hakuna aliyegeuza shingo.

Wakati wa kushuka nililia kwa njaa. Papa Rukara akasimama, akafungua kibuyu.

"Mupe mutoto maziwa."

"Maziwa ya wapi?" uliuliza, na Mama akafunika uso kwa aibu.

"Ya ng'ombe yangu, yenye inakula majani ya kilima yako. Hapa hakuna kitu ya muzungu. Na miye sikukula, Papa Furaha. Nilikuwa nakuangalia kama weye utakula."

Uliangalia kibuyu, ukamwangalia yeye. Kisha ulicheka mpaka ukakohoa, ukachukua kibuyu, na ukanywa kabla yangu. Hilo silisahau!

Tangu siku ile ulipanda juu kila asubuhi kutafuta vigingi vya mpaka. Havikuja. Ulimshuku katekista alipopima kiwanja cha kanisa, ukamshuku muuguzi na sindano yake. Mama akiona mkate sokoni alikuambia, "Papa Furaha, uliza kwanza mipaka yake," nasi tukacheka. Niliamini kwamba mashaka yamekuwa ugonjwa wako. Ulikufa nayo, na kilima hakikuwa na kigingi hata kimoja.

Jana wazungu wamevipigilia. Kwanza kwenye nyasi za juu, kisha katikati ya maharage yetu. Walituita tutembee nao, wanatabasamu, wanatushika mabega. Mpakani kabisa, kwenye jiwe la babu, wakafungua kikapu. Mkate na sardini, Papa, vilevile. Njaa ikanishika kama siku ile mlimani nilipokuwa mtoto. Nikamgeukia Mama, aliyekulaumu miaka yote kwa njaa ya siku ile.

Mama alikunja mikono juu ya kitenge. "Aksanti, Bwana," alisema. "Tumeshiba."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Hakuna aliyekula, hata watoto. Papa Rukara akaja polepole, maana miguu imemchoka, akapitisha kibuyu mkono kwa mkono. Mama alibakiza maziwa kidogo chini yake. "Hii ni ya mwenye aliona mbele," akasema, na akaenda kuyamimina kaburini kwako.

Sitakudanganya, vigingi viko bado. Leo asubuhi nimepanda kuviangalia badala yako, na naogopa. Lakini wakija kusema kwamba tulikubali, kilima kizima kitajibu kwamba mbele ya vigingi hakuna aliyemeza.

Nimekukumbuka mno, Papa. Pumzika sasa. Ule mlima ulikuwa nyuma yako, na ulikuwa mzuri kweli. Geuka uuangalie. Fimbo nitaiangalia mimi.

Binti yako, ambaye hajala.