Mashine Iliyogoma Digrii Tisini

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ya nne, mchezo ule ule. Nimewasha thamostati, mashine yetu ya kushikilia joto, saa mbili, nikaiwekea digrii 95. Ikapanda vizuri mpaka 90, ikagoma kama punda. Maji yakatokota, mvuke ukajaa maabara, maji yakapungua, taa nyekundu, kelele, ikajizima. Nikaongeza maji. Ikajizima tena. Mara sita. Nimechoka nayo.

Na ni kitu kidogo tu. Tangi la ukubwa wa ndoo, koili ya kuchemsha maji, na pampu ya kuyasukuma kwa mipira mpaka kwenye chupa ya kuta mbili yenye mafuta yetu ya kanola. Maji yanazunguka, mafuta yanakaa kwenye 95 siku mbili bila kuyumba, tunajua yatadumu muda gani kabla ya kuharibika. Mnunuzi wa Nakuru anataka ripoti hiyo Ijumaa ya wiki ijayo. Bila ripoti hachukui mafuta. Na mkuu wa maabara ni Wambui, mtoto wa marehemu dada yangu, bado yuko kwa miezi ya majaribio. Ndiye aliyeniombea kazi hapa kiwandani.

Nimemwambia mashine imekuja mbovu. Mimi niliyefufua transfoma ya Njoro kwa waya wa seng'enge, stima ikafika mpaka Molo, sichezewi na ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua. Kila skrubu. Ndani ni safi kama kikombe cha padri. Hiyo ndiyo imeniudhi zaidi. Mashine ikiwa chafu unajua pa kushika.

Kijitabu chake kipo, kurasa themanini, Kiingereza na Kijerumani. Mimi na darasa langu la sita hatukukigusa.

Wambui ameniuliza kama nina hakika. "Anko, hakika ya kweli ama hakika yako?" Nikamwambia kama anataka niape, niletewe Biblia. Basi akaiandikia kampuni iliyotuuzia barua kali, kwamba wametuletea takataka. Akatia jina lake chini.

Sikupenda vile aliuliza.

Jumatano, 5 Machi

Leo hasira zimenipanda nikaamua kuitia adabu. Inajizima kwa sababu ya boya dogo ndani ya tangi. Maji yakishuka, boya linashuka, stima inakatika. Nikalifunga juu kwa waya. Kuna na skrubu ya kuzuia joto lisipite kiasi. Nikaizungusha mpaka mwisho. Kimya. Hakuna taa, hakuna kelele.

Nikaenda kantini kuwatangazia. Nikasema Wajerumani watanitumia ndege nikawafundishe. Watu wakacheka, nikafanya ndege ziwe mbili.

Niliporudi, maabara ilikuwa inanuka plastiki. Tangi kavu. Koili nyeusi, imepasuka.

Nilitoa waya nikautia mfukoni kabla sijaita mtu. Halafu nikamwambia Wambui: si nilikuambia ni mbovu? Akakaa kwenye stuli na koti lake jeupe, akashika kichwa.

Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu wa kampuni anakuja kesho kuikagua.

Mchana maharagwe yalikuwa mawe tena. Nilikuwa na sumu tumboni tangu jana, nikaimwaga kwa Mama Sharon, mpishi. Nikamuuliza kama anapikia mshumaa. Akanirudi mbele ya watu wote: "Wee Fundi, nimepikia watu Mombasa miaka kumi! Huko masaa mawili tu yameiva. Huku kwenu Mau Narok maji yanatokota upesi lakini hayana moto. Njoo utie kidole kama unabisha!" Watu wakapiga meza.

Sikutia kidole. Nilikwenda maabara nikachukua kipimajoto, nikakitumbukiza kwenye sufuria yake, maji yakiruka. 90 na nusu. Nikangoja. 90 na nusu. Akachochea kuni mpaka moto ukalamba vishikio. 90 na nusu.

Wambui alijifunzia kipimo hiki cha mafuta chuoni Mombasa, kando ya bahari, ambako maji hufika 100.

Kwa hivyo mashine haina kosa hata chembe. Huku juu maji hayapandi zaidi ya hapo, yanageuka mvuke. Yakipungua, mashine inajizima ili isiungue. Ilikuwa inajilinda. Mimi ndiye niliyeiunguza, na mtoto wa watu ameandika barua.

Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Gari la kampuni lilifika getini saa nne. Nikamvuta Wambui stoo, nikamwambia yote. Boya, skrubu, maharagwe. Akaanza kucheka. "Anko, na zile ndege mbili zimetua wapi?"

Nikatoa waya mfukoni nikamwekea mkononi. Ulikuwa umeshikana na plastiki iliyoyeyuka. Akaacha kucheka.

"Jina kwa ile barua ni langu," akasema. Basi. Afadhali angenitukana.

Mtu wa kampuni nilimwambia mwenyewe, Wambui akiwa kando. Bwana Kiprono. Hakunifokea, na hiyo iliniuma kuliko kelele. Alisema kwa joto hilo, hapa juu, maji hayafai. Tunatakiwa kutia gilikoli, kimiminiko kinachochelewa kuchemka. Akafungua kijitabu akatuonyesha. Ukurasa wa tisa, na picha. Koili mpya ataileta Jumatatu, gharama ni yetu.

Wambui akamwomba msamaha kwa ile barua. Nikasimama pale kama mti. Msichana niliyembeba mgongoni anaomba msamaha kwa ajili ya mdomo wangu.

Jumanne, 11 Machi

Koili mpya imeingia, gilikoli ndani. Ilifika 95 ikakaa. Saa sita tukaanza kuhesabu siku zetu mbili. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Wambui amechukua funguo zangu za karakana. Kazi yangu sasa ni daftari. Kila saa nasoma joto, naandika. Usiku anasoma mwenye zamu. Wambui akija anatazama kioo cha mashine, anatazama nambari yangu, anarudi kwenye kioo, ndipo anatia sahihi. Kila mara. Saa tisa ilisoma 94.9, nikaandika 94.9. Bado aliinama kuhakikisha.

Ana haki. Inauma vile vile.

Kantini wananiita Rubani. "Rubani, leo huruki?" Nilimaliza chai nikatoka.

Jumatano, 12 Machi

95.0 siku nzima. Ameinama mara tisa. Nimehesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Ukungu mpaka dirishani. Baridi. Pampu inanguruma kidogo kidogo, mipira ina joto ukiishika.

Nilisoma saa tatu, saa nne, saa tano. Saa sita ilikuwa ya mwisho. 95.0. Nikaandika.

Wambui aliingia simu ikiwa sikioni. Ni mnunuzi, anauliza kama ripoti itakuwa tayari kesho. Akatazama daftari. "Ndiyo, itakuwa tayari," akamwambia. Akatia sahihi kando ya nambari yangu, akatoka akiendelea kuongea.

Mashine hakuitazama.