Kasa Niliyemsemesha

Shikamoo Bibi yangu,

Huku Sur, pwani hii ya Oman, hata chai ina ladha ya chumvi. Leo asubuhi tumemrudisha baharini kasa aliyejeruhiwa na wavu. Ami Saidi, aliyemuuguza, alitukataza kumsemesha: "Akizoea watu, atawafuata wenye nyavu." Nami, Bibi, kila nikimlisha ngisi nilimnong'oneza Kiswahili, maana huku sina wa kukisema naye. Basi kufika majini akasita, akanigeuzia kichwa.

"Umemfanya nini, binti?" Ami akauliza.

Nilitamani kumuaga kasa wangu. Nikafumba mdomo, mpaka akazama.

Sasa maneno yamenijaa kinywani, na wewe wa kuyasikia uko mbali, Nizwa. Nipigie, Bibi, hata kama ni kunigombeza.

Mjukuu wako akupendaye,
Zuwena